Mkimbizi aliyewakimbia wenzake: uchambuzi wa kesi ya Ward

Mwaka 1983 mwanamume mmoja wa Ireland Kaskazini, Patrick Ward, alijiunga kwa hiari yake na INLA, Jeshi la Ukombozi wa Taifa la Ireland. Lilikuwa moja ya makundi ya silaha yaliyotaka Ireland Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza na kuungana na Jamhuri ya Ireland, na kwa ukatili lilikuwa limeshajijengea jina. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kulinda mateka. Akiwa kwenye lindo akapata habari kwamba amri imetoka: mateka wauawe. Watu wenyewe hawakuwa na hatia yoyote. Nafsi ikamsuta, akawaachia wakaenda zao.

Baadaye polisi, kwa ulimi kuteleza, wakamdokeza mtu wa INLA kwamba mateka walisaidiwa na mmoja wa walinzi wao. Haikuhitajika ramli. Wenzake wakamkamata Ward, wakamfungia, wakamtesa, wakamsimamisha mbele ya mahakama yao ya vichochoroni na kumhukumu kifo. Akatoroka, akakimbilia polisi, na huko akawa ameruka majivu akakanyaga moto, maana polisi walimfungulia mashtaka kwa sehemu yake katika utekaji uleule. INLA nao wakaishika familia yake ili asije akafungua mdomo. Alihukumiwa miaka 3 jela. Siku za kutoka zilipokaribia, kasisi wa gereza akamsaidia kupata pasipoti ya Jamhuri ya Ireland na tiketi ya ndege. Desemba 1985 akatua Toronto, na mwaka uliofuata akaomba hifadhi.

Nimeichagua kesi hii kwa makusudi, kwa sababu ndani yake hayumo mkimbizi tuliyemzoea. Hakuna dikteta, hakuna watu wa usalama wanaogonga mlango usiku wa manane, hakuna kabila linalowindwa. Kuna mtu mwenye rekodi ya jinai, aliyeingia mwenyewe kwenye kundi la silaha, anayetoka nchi yenye bunge, mahakama na polisi, na wanaomtafuta ni wenzake wa jana. Waulize watu kumi, tisa watakwambia huyo si mkimbizi, ni mhalifu aliyekosana na genge lake. Serikali ya Kanada ilisema karibu hivyohivyo. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na hukumu iliyotoka tarehe 30 Juni 1993, kwa kalamu ya Jaji Gérard La Forest, hadi leo haikosekani mezani popote maombi ya hifadhi yanapoamuliwa kwa umakini.

Mlango alioukuta

Mkataba wa 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, pamoja na Itifaki yake ya 1967, unasema mkimbizi ni nani. Hausemi nani amsikilize, kwa muda gani, kwa wakili au bila wakili. Hayo kila nchi inajipangia, na hapo ndipo watu wawili wenye kisa kimoja wanapoweza kupata majibu mawili.

Kanada ilijiunga na vyombo hivyo viwili mwaka 1969 na kuuingiza ufafanuzi wake katika sheria ya uhamiaji ya 1976. Utaratibu wake wa mwanzo ulikuwa wa makaratasi. Mwombaji alihojiwa na ofisa wa uhamiaji chini ya kiapo, maandishi ya mahojiano yakapelekwa kwa kamati ya ushauri, kisha waziri akaamua. Aliyeamua hakumwona aliyeamuliwa. Tarehe 4 Aprili 1985, miezi minane kabla ya Ward kutua, Mahakama ya Juu katika kesi iitwayo Singh ilisema hilo halikubaliki: maisha ya mtu yakiwa kwenye mizani, na ukweli wa maneno yake ndio unaobishaniwa, lazima asikilizwe ana kwa ana. Mwomba hifadhi kwa kawaida hana shahidi wala hati. Aliyemtesa hakumpa risiti. Mdomo wake ndio ushahidi, na mdomo husikilizwa vizuri zaidi mtu akiwa mbele yako.

Waziri alimkatalia Ward. Akaomba shauri liangaliwe upya na Bodi ya Rufaa ya Uhamiaji, na bodi ikamkubali kuwa mkimbizi. Serikali ikaenda Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, ambayo mwaka 1990, kwa wingi wa majaji, iliufuta uamuzi wa bodi. Ndipo shauri likafika juu.

Sentensi yenyewe

Ufafanuzi wote ni sentensi moja ndefu. Mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi ya uraia wake kutokana na hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa, na ambaye hawezi, au kwa sababu ya hofu hiyo hataki, kujiweka chini ya ulinzi wa nchi hiyo.

Mwamuzi anaikata vipande. Kuwa nje ya nchi ni kipande chepesi. Hofu ina pande mbili: mtu awe anaogopa kweli, na hali ya mambo iunge mkono woga wake. Hatakiwi kuthibitisha kwamba akirudi atakufa, wala kwamba uwezekano wa kudhurika umevuka nusu. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987 ilisema hata nafasi moja kati ya kumi yaweza kutosha. Kanada inazungumzia uwezekano wa maana, Uingereza kiwango cha kuridhisha cha uwezekano. Wanaodhani mwomba hifadhi anahukumiwa kwa kipimo cha kesi ya mauaji wamekosea mbali. Kwa Ward kipande hiki hakikuwa na utata, kwani mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo na wenye bunduki haulizwi kwa nini anaogopa.

Ugomvi ulikuwa kwenye vipande vilivyobaki. Wanaomtesa si serikali: je, hilo ni teso la Mkataba? Na hata kama ni teso, ni kwa sababu ipi kati ya zile tano?

Hawezi, au hataki

Majaji wengi wa Mahakama ya Rufaa waliyachukua maneno haya mawili na kuyatenganisha kama chumvi na sukari. Asiyeweza kupata ulinzi, walisema, hana haja ya kuonyesha kwamba serikali ina mkono katika mateso yake. Lakini asiyetaka ulinzi, maana yake ulinzi upo na yeye anaukataa. Huyo lazima aonyeshe kwamba serikali yenyewe inashiriki, au walau inafumba macho. Ward alikuwa upande wa hataki, na serikali ya Ireland haikuwa ikishirikiana na INLA. Kwa hiyo akaanguka.

Hoja hiyo, ukiisoma haraka, inashika. La Forest aliivunja kwa kurudi kwenye swali la nyuma yake: Mkataba huu uliwekwa kwa kazi gani? Jibu lake ndilo uti wa mgongo wa hukumu nzima. Mtu hulindwa kwanza na nchi yake. Ulinzi huo ukishindikana, jumuiya ya mataifa inashika nafasi yake, kama mtu wa akiba anayeingia aliyepangwa asipofika. Ukimbizi ni ulinzi wa badala. Kama ni hivyo, cha kuuliza ni kama ulinzi ulikuwepo. Mkono ulioshika fimbo ni wa nani linakuja baadaye. Aliyepigwa na askari na aliyepigwa na genge huku askari hawana la kufanya, wote wawili wamekosa kitu kilekile. Yule anayekataa kwenda polisi kwa sababu anajua polisi hawana uwezo, unaweza kusema hataki, unaweza kusema hawezi. Mahakama iliona mpaka kati ya maneno hayo hauna uzito, na kwamba kwa vyovyote vile kushiriki kwa serikali si sharti.

Hapa serikali ya Kanada ilikuwa na hofu inayoeleweka. Ukisema hivyo, si kila aliyetishwa na majambazi popote duniani atabisha hodi? Mahakama ilijibu kwa kuweka dhana: nchi yoyote inachukuliwa kuwa ina uwezo wa kuwalinda raia wake, isipokuwa vyombo vya dola vimesambaratika kabisa, na mfano uliotolewa ulikuwa Lebanon ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anayedai kinyume alete uthibitisho ulio wazi na wenye kushawishi. Alete habari za watu wa hali kama yake ambao walikwenda kulalamika wakaachwa hivyohivyo. Alete ya kwake mwenyewe, siku aliyopiga simu na hakuna aliyekuja. Ward hakuhitaji kuhangaika sana, kwa sababu wawakilishi wa mamlaka wenyewe walikuwa wamekiri kwamba hawawezi kumlinda.

Kuna jambo jingine mahakama ililisema hapo, nami naliona ndilo lenye utu kuliko yote katika hukumu hii. Je, mtu ni lazima aende kwanza kuomba ulinzi nyumbani kabla hajakimbia? Si lazima, pale ambapo kwa akili ya kawaida ulinzi usingepatikana. Mkataba haumtaki mtu akahatarishe roho yake kwa kuutafuta ulinzi usiofaa kitu, eti apate tu ushahidi kwamba haufai. Katika mashauri ya aina hii swali la "kwa nini hukuripoti polisi?" halikosi kuulizwa, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Baada ya Ward, "niliogopa, na huko kwetu wanaoripoti hupotea" ni jibu la kisheria, ilimradi lina ushahidi nyuma yake.

Dhana yenyewe, hata hivyo, imegeuka kuwa rungu. Hukumu ilisema uthibitisho uwe wazi na wa kushawishi. Waamuzi wengi baadaye wakaishika sehemu hiyo peke yake na kuwakatalia watu kwa kuwa tu nchi yao ina katiba nzuri na dawati la malalamiko. Sheria iliyoandikwa vizuri haijamzuia mtu kisu. Ulinzi wa kupimwa ni ule unaomfikia mtu mlangoni kwake.

Kundi gani hasa?

Bodi ilikuwa imempa Ward ushindi kwa hoja kwamba aliteswa kwa kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, yaani INLA. Katika zile sababu tano, hii ndiyo iliyoingia mlango wa nyuma. Rasimu ya Mkataba haikuwa nayo. Mjumbe wa Sweden ndiye aliyeipendekeza mwishoni, akisema uzoefu umeonyesha wakimbizi wengine waliteswa kwa kuwa wa makundi fulani ya kijamii, na ikapita karibu bila mjadala. Waandishi hawakuacha maelezo ya maana ya maneno hayo, nasi tunalipia uzembe huo hadi leo.

Ukiifanya sababu hii iwe pana mno, nyingine nne hazina kazi: kila mtu yuko kwenye kundi fulani, hata wote wanaoogopa genge moja ni kundi. Ukiibana mno, inakufa. La Forest alitafuta njia kwenye fikra ya ubaguzi. Alitumia pia uamuzi wa bodi ya rufaa ya uhamiaji ya Marekani wa mwaka 1985, kesi ya Acosta, uliosema kinachowaunganisha watu hao kiwe kitu wasichoweza kukibadili au wasichopaswa kulazimishwa kukibadili. Akapata aina tatu. Kuna wanaounganishwa na sifa ya kuzaliwa nayo au isiyobadilika, kama jinsia, lugha ya asili au mwelekeo wa kijinsia. Kuna waliojiunga kwa hiari kwa sababu inayogusa utu wao kiasi kwamba haifai kuwalazimisha kuiacha. Na kuna wanaounganishwa na walichokuwa zamani, kwa kuwa jana haibadiliki.

INLA haikuingia popote. Shabaha yake ya kisiasa si sehemu ya utu wa mwanachama hata isemwe hawezi kuombwa aache mtutu. Na zaidi, Ward hakuwa akiwindwa kwa kuwa mwana-INLA. Wana-INLA wengine walikuwa wamekaa salama. Ndio waliokuwa wakimwinda. Aliwindwa kwa alichokifanya usiku ule alipofungua mlango. Mahakama ilitofautisha kati ya mtu alivyo na mtu alivyotenda, na sababu hii ya nne inamhusu wa kwanza.

Kwa hiyo hoja aliyoshinda nayo kwenye bodi ikafa mbele ya mahakama ya mwisho. Kama yangekuwa mashauri ya kawaida ya madai, angerudi nyumbani.

Mlango mmoja, maoni mamoja

Aliyemwokoa ni mtu wa tatu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikuwa limeruhusiwa kuingilia kesi na kutoa maoni, na likainua jambo ambalo Ward mwenyewe hakuwa amelisema katika ngazi zote za chini: kwamba aliteswa kwa maoni yake ya kisiasa.

Mahakama ingeweza kukataa hoja iliyochelewa. Ilikubali kuisikia, na sababu yake inafaa kubandikwa ukutani kwa kila anayehoji waomba hifadhi. Mwongozo wa UNHCR unasema si kazi ya mwombaji kujua jina la kisheria la sababu ya mateso yake. Yeye anasimulia yaliyomkuta. Ni kazi ya anayemchunguza kuona yanaangukia wapi. Mtu aliyekimbia usiku hana muda wa kujifunza vipengele vya mkataba.

Je, kuwaachia mateka ni maoni ya kisiasa? Ward hakuhutubia, hakuandika, hakubadili chama. Mahakama ilichukua maana pana: maoni ya kisiasa ni maoni yoyote kuhusu jambo ambalo dola, serikali na sera zinaweza kuhusika nalo. Kisha ikaongeza mambo mawili. Maoni si lazima yatamkwe. Tendo linaweza kuyasema. Na si lazima yawe ndiyo maoni halisi ya mtu. Inatosha kwamba mtesaji anadhani anayo. Swali linatazamwa kwa macho ya anayetesa.

Kwa macho ya INLA, Ward alikuwa nani? Kundi hilo liliona kuua mateka ni silaha halali ya kufikia lengo la kisiasa. Ward, kwa kufungua mlango, alisema kwamba kuwaua watu wasio na hatia kwa ajili ya mageuzi ya kisiasa hakukubaliki. Hilo lilimfanya msaliti wa kisiasa, na adhabu ilikuwa ya msaliti. Sababu ya tano ikatimia.

Nimewahi kusikia mawakili wakisema hapa mahakama ilivuta uzi. Kwamba Ward alikuwa mtu aliyeshikwa na huruma, na huruma si itikadi. Sikubaliani nao, ila naona wanakotoka. Anayemkatalia bosi wa magendo kuua mpinzani wake naye ana dhamiri, lakini hakuna anayesema ametoa maoni ya kisiasa. Kilichotofautisha ni kundi lenyewe: INLA ilikuwa na mradi wa kisiasa, na mauaji yale yalikuwa sehemu ya mradi huo. Kuyakataa ni kuukataa mradi. Ndiyo maana mtu anayekimbia genge la wahalifu wa kawaida hadi leo anahangaika kwenye mashauri haya hata kama hatari yake ni kubwa kuliko ya Ward. Sheria hii haipimi hatari peke yake. Inataka hatari yenye sababu, na sababu iwe kwenye ile orodha ya sababu tano. Ukatili wa orodha hiyo nauona, na sioni wa kuifungua leo bila kuifanya iwe fupi zaidi.

Na ile rekodi ya jela?

Mkataba una mlango wa kutokea. Kifungu cha 1F kinawanyima hadhi waliofanya uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, na wale ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba walitenda kosa kubwa lisilo la kisiasa kabla ya kuingia nchi ya hifadhi. Mahakama iliugusa mlango huo bila kuingia. Ilielekea kukubali kwamba kipengele cha kosa kubwa kinawahusu wanaokimbia mashtaka, na Ward alikuwa ameshashtakiwa na kumaliza kifungo chake.

Maneno hayo hayakudumu. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo, katika shauri la mtu mwingine, ilisema kifungu hicho kinamfunga yeyote aliyewahi kutenda kosa kubwa la aina hiyo, awe amemaliza kifungo au la, awe ametubu au la. Ward angefika Toronto leo, huenda nusu ya hukumu yake isingesomwa kabisa. Mjadala ungeishia kwenye uzito wa kosa la kuwazuia mateka.

Jirani wanavyoamua

Ungetarajia kwamba hoja ya ulinzi wa badala ingezikuta nchi zote pamoja, maana zimesaini karatasi moja. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi Ujerumani na Ufaransa zilishikilia kwamba teso la Mkataba ni lile linalofungamana na dola: dola itese, ichochee, au iachilie. Dola ikiwa imekufa kabisa, kama Somalia baada ya 1991, kwa hesabu hiyo hakuna wa kutesa.

Mambo yalikutana Uingereza. Waomba hifadhi wawili, mmoja Msomali aliyepitia Ujerumani na mwingine Mwaljeria aliyepitia Ufaransa akiogopa kundi la silaha, walitakiwa warudishwe huko kwa hoja kwamba nchi hizo ni salama. Desemba 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, House of Lords, ilikataa. Mkataba una maana moja tu ya kweli, ilisema, na ni kazi ya mahakama kuitafuta. Nchi isiyoitambua haiwezi kuhesabiwa salama kwa watu hao. Mwaka mmoja kabla, mahakama hiyo ilikuwa imeshautumia mstari wa Ward kwa wanawake wawili wa Pakistan waliokimbia vipigo na tuhuma za uzinzi, na mmoja wa majaji akaweka hesabu ambayo sasa inakaririwa kila mahali: mateso ni madhara makubwa kujumlisha kukosekana kwa ulinzi wa dola. Ufaransa ilibadili sheria yake mwishoni mwa 2003. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2004 likawafunga karibu wanachama wote, na Ujerumani ikafuata rasmi Januari 2005.

Afrika ilishapita njia nyingine. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa Septemba 1969, unauchukua ufafanuzi wa 1951 kisha unaongeza anayelazimika kukimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa, kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vikali amani ya umma katika nchi yote au sehemu yake. Hapo hakuna orodha ya sababu tano. Vijiji vizima vinapovuka mpaka kwa usiku mmoja, nchi inaweza kuwatambua kwa pamoja bila kumweka kila mmoja kitini kumuuliza kuhusu maoni yake. Je, Ward angepita hapo? Kuna atakayesema Ireland Kaskazini ya miaka ile ilikuwa imevurugika vya kutosha. Mimi nadhani asingepita kwa urahisi: hakukimbia vurugu ya wote, alikimbia hukumu yenye jina lake. Watu wa namna yake ndio hasa wanaohitaji ile sentensi ndefu ya 1951, na mwamuzi mwenye subira ya kuisoma neno kwa neno.

Pasipoti ya pili

Msomaji aliyefika hapa atadhani Ward aliondoka mahakamani na hadhi yake mkononi. Alishinda rufaa. Hakupewa hadhi.

Kule chini watu walikuwa wamezungumzia Jamhuri ya Ireland, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye pasipoti yake. Lakini Ward alizaliwa Ireland Kaskazini, na kwa hiyo alikuwa raia wa Uingereza pia. Mkataba una aya fupi ambayo wengi huiruka: mwenye uraia wa nchi zaidi ya moja hahesabiwi kuwa amekosa ulinzi mpaka aonyeshe sababu ya haki ya kutoutumia ulinzi wa kila mojawapo. Sheria ya Kanada ya wakati ule haikuwa imeiandika aya hiyo. Mahakama iliisoma humo hata hivyo, kwa hoja ileile iliyombeba Ward katika hatua za mwanzo: kama ukimbizi ni ulinzi wa badala, basi hakuna badala maadamu kuna mwenye zamu ambaye hajaulizwa.

Na Uingereza haikuwa imeulizwa. Ireland Kaskazini ilikuwa hatari, sawa. Lakini je, London au mji mwingine ng'ambo ya bahari ya Ireland? Dhana ya uwezo wa dola ilifanya kazi hapo pia, na hapo hapakuwa na mtu aliyekiri kushindwa. Kulikuwa na jambo moja la kumsaidia Ward: sheria za Uingereza za kuzuia ugaidi ziliiruhusu serikali kumpiga marufuku mtu aliyehusishwa na ugaidi asiingie kisiwa kikuu, hata akiwa raia. Raia asiyeruhusiwa kukanyaga sehemu salama ya nchi yake amelindwa na nani? Lakini bodi haikuwa imelichunguza hilo, na mahakama ya rufaa haisikilizi ushahidi upya.

Jalada likarudishwa kwenye bodi. Ilikuwa miaka saba na nusu tangu atue Toronto, na ukurasa wa ushahidi kuhusu Uingereza ulikuwa bado mweupe.